Mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili) anakimbia ngoma, nifanyeje?

Mlezi: Wakuu, kwenye tiba ya muziki mgonjwa anaziba masikio na kutoka ngoma zikianza. Abanwe abaki?

Tabibu_Muziki: Hapana, asibanwe hata kidogo! Anayesikia sauti kichwani, kama wagonjwa wengi wa skizofrenia, huweza kuzidiwa ala nyingi zikilia pamoja. Anza na ala moja, mapigo ya polepole, sauti ya chini, dakika 20 tu. Mkalishe karibu na mlango, ajue ruksa kutoka na kurudi. Kusikiliza tu nako ni kushiriki.

Nesi: Mikono ikitetemeka kwa dawa, gitaa litamvunja moyo, mpe manyanga.

Tabibu_Muziki: Kweli. Na wimbo achague mwenyewe, maana wimbo wa zamani huweza kuamsha majonzi. Dawa ziendelee kama kawaida.

Mlezi: Shukrani wakuu.