Tupeane uzoefu: makro za Excel za kusaka seli zenye makosa na kuzinakili

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni karani wa mishahara, si mtu wa IT. Kila mwezi napokea mafaili ya matawi sita, nayaunganisha kwa VLOOKUP (fomula ya kutafuta thamani kwenye jedwali), halafu nasaka #N/A (alama ya Excel kwamba haikupata kitu) kwa macho. Mwezi uliopita moja ilinipita, jumla kuu ikasoma #N/A bosi akiwa amesimama nyuma ya kiti changu.

Usiku huohuo nikajaribu makro, yaani programu ndogo ya kuifanyisha Excel kazi yenyewe. Niliiambia iulize kila seli kama thamani yake ni sawa na "#N/A". Ikanitupia kosa namba 13 (aina za thamani hazilingani). Kumbe kwenye VBA (lugha ya kuandikia makro) kosa si maandishi, ni aina yake ya thamani, lazima uanze na IsError, inayouliza kama seli ina kosa. Nikarekebisha, ikakubali, ila nilikuwa nimeipa kolamu nzima, yaani mistari 1,048,576. Nikapika chai, nikanywa, nikaosha na kikombe, bado inazunguka. Siku hizi naipa UsedRange tu, yaani eneo la shiti lililotumika. Wenzangu mnafanyaje?

Kalamu Nyekundu:
Mkuu, achana na kupita seli moja moja. Tumia SpecialCells na xlCellTypeFormulas pamoja na xlErrors, inakukusanyia seli zote za fomula zenye kosa kwa mkupuo. Shida yake, ikikuta shiti safi haina kosa hata moja inalipuka na kosa namba 1004. Mimi nikazima onyo hilo kwa On Error Resume Next (amri ya kuendelea hata kosa likitokea), nikasahau kulirudisha na On Error GoTo 0. Mtu akabadilisha jina la shiti. Makro ikawa haioni kitu na hailalamiki, inaniambia "hakuna makosa" karibu miezi mitatu, nami natembea kifua mbele. Zima kwa mstari ule mmoja tu, washa, kisha uliza kama ulichopata ni Nothing, yaani hakuna kitu.

Mama Stoo:
Yangu ilikuwa kwenye kunakili. Nilipata seli zilizotawanyika, nikaamuru Copy, Excel ikagoma, haitaki maeneo yasiyolingana. Nikazibandika moja moja kwenye shiti mpya. Fomula nazo zikahama na marejeo yake, zikaanza kutoa #REF! (kosa la rejeo lililopotea) ambazo kwenye shiti ya mwanzo hazikuwepo kabisa! Nikapeleka ripoti ya makosa niliyoyazaa mwenyewe. Sasa sinakili seli. Naandika jina la shiti, anwani ya seli, na fomula kama maandishi, natanguliza ile alama ya kwenye neno ng'ombe ili Excel isiikokotoe.

Msomaji Kimya:
Ofisini kwetu makro zimefungiwa. Nabonyeza F5, Special, Formulas, nabakiza Errors tu, napaka njano. Sekunde kumi. Ila mtu akishabandika kama thamani, fomula haipo tena, chagua Constants (seli zisizo na fomula) la sivyo hutaziona.

Kalamu Nyekundu:
Hilo la Constants hata kwenye makro linawapiga chenga wengi. Pitisha mara mbili, moja ya Formulas, moja ya Constants.

Dada wa Hesabu:
Mimi niliona makro ni usumbufu, nikafunika kila kitu kwa IFERROR iweke sifuri penye kosa. Shiti ikapendeza kweli. Mwisho wa mwezi kijana wa mkataba akaja mezani kwangu kuuliza mbona hajalipwa. Jina lake lilikuwa na nafasi moja mwishoni, VLOOKUP haikumpata, IFERROR ikampa sifuri kimyakimya. Yule kijana alikuwa na adabu, hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilizing'oa IFERROR zote siku ileile. Jaribu TRIM (inafuta nafasi za ziada) kabla hujalaumu fomula.

Mwanzisha uzi:
Asanteni sana. Leo nimeunganisha ya Kalamu na ya Mama Stoo, imenitolea orodha ya seli 17. Nimepitisha TRIM kama Dada alivyosema, zimebaki 4, zote za tawi moja, na zote ni namba za wafanyakazi zilizoingizwa kama maandishi. Nawapigia simu sasa hivi.