Bustani za umma zinapandwa kwa ajili ya siku ya uzinduzi, kisha zinaachwa zife

Ndugu wanajukwaa,

Naandika uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kila mamlaka ya mji inapotangaza mradi wa kupendezesha mitaa, mambo huenda kwa utaratibu uleule: miche inashushwa kwa lori, viongozi wanapanda mmoja mmoja mbele ya kamera, hotuba zinatolewa, kibao chenye majina yao kinasimikwa, na kiangazi cha kwanza kikipita panabaki vijiti vikavu na kibao. Fedha za kununua miche huwa zipo. Fedha za kuimwagilia, kupalilia na kumlipa mtunza bustani hazipo, kwa sababu hakuna aliyeziweka kwenye bajeti tangu mwanzo. Hilo ndilo lalamiko langu.

Niliwahi kuung'oa mche mmoja uliokufa kwenye bustani ya namna hiyo, nikitaka kujua ulikufa kwa nini. Ulitoka kwa mkono mmoja bila kupinga. Kiriba cha plastiki kilikuwa bado kimeuvaa, na ndani yake mizizi ilikuwa imejizungusha mpaka ikawa kamba, kwa kuwa haikuwahi kupata pa kutokea. Chini ya kiriba palikuwa na vipande vya matofali na kokoto za ujenzi, na juu yake udongo mwekundu wa kufunika aibu. Mtu alilipwa kwa kazi ile, na mtu mwingine akasaini kwamba imekamilika.

Kazi yenyewe haina siri. Shimo linapaswa kuwa na upana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini kina kisizidi urefu wa bonge hilo, ili pale shina linapoanza kupanuka kuelekea mizizini pabaki juu ya udongo. Kiriba kinaondolewa na mizizi iliyojizungusha inakatwa au kufunguliwa. Matandazo ya majani makavu au maganda ya miti yanawekwa kwa unene wa sentimita 5 hadi 10 kuzuia maji yasikauke upesi, yakiachwa mbali kidogo na shina ili lisioze. Baada ya hapo mti wa kivuli unahitaji kumwagiliwa kwa miaka 2 au 3 ya mwanzo, hasa kiangazi, kwa sababu mizizi yake bado haijafika kwenye unyevu wa chini. Bwana shamba yeyote analijua hili, na hata anayeuza miche kando ya barabara analijua. Iweje mkandarasi aliyeshinda zabuni asilijue, na mkaguzi aliyetumwa kumkagua asilione?

Hata miti iliyobahatika kushika haiachwi salama. Anakuja fundi wa kumalizia njia ya waendao kwa miguu, anamwaga saruji mpaka inagusa shina, na maji ya mvua hayana tena pa kupenya. Anakuja kibarua mwenye mashine ya kufyekea, hakuelekezwa na mtu, anazungusha uzi wa mashine kwenye shina changa kila anapokata nyasi. Chini tu ya gome ndipo inapopita njia ya kushushia chakula kutoka kwenye majani kwenda mizizini, na gome likishaliwa kuzunguka shina lote mti huo umekwisha, hata kama majani yatabaki ya kijani kwa muda. Wengine wanakata kichwa chote cha mti na kuita kupogoa. Na barabara nzima inapandwa aina moja tu ya mti, ilhali ugonjwa wa miti ya elm uliua mamilioni ya miti mijini Ulaya na Amerika Kaskazini katika karne ya 20, na barabara zilizopandwa elm peke yake zikabaki wazi.

Nikilalamika, najibiwa kwamba bustani ni mapambo na kuna mahitaji makubwa zaidi. Jibu hilo silikubali. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti uliowalinganisha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa nyongo: waliolala kwenye vyumba vyenye madirisha yanayotazama miti walitoka hospitalini mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Kivuli kinapunguza joto la barabara, na udongo ulio wazi unanywa maji ya mvua ambayo vinginevyo yangeingia kwenye nyumba za watu.

Najibiwa pia kwamba wananchi ndio waharibifu. Wananchi wanapita juu ya nyasi kwa kuwa mchoraji aliweka njia mahali ambapo hakuna mtu anayeelekea. Isitoshe, bustani isiyotunzwa huharibika hata ikiwa na sifa dunia nzima. Central Park ya New York, iliyobuniwa na Olmsted na Vaux, ilifikia hali mbaya sana katika miaka ya 1970 jiji lilipopungukiwa fedha za matunzo, na ikafufuka baada ya mwaka 1980 ilipoundwa taasisi maalumu ya kuihudumia. Singapore ilianza kampeni ya kupanda miti mwaka 1963, lakini haikuishia kwenye kampeni. Mwaka 1975 ilitunga sheria ya bustani na miti. Na Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, aliweka utaratibu wa kuwalipa wanawake kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Uliopona, ndugu zangu. Kupanda peke yake hakukutosha.

Ninachodai ni kidogo kuliko gharama ya sherehe moja ya uzinduzi. Sehemu kubwa ya malipo ya mkandarasi izuiliwe mpaka mwaka wa pili, na alipwe kwa idadi ya miti iliyo hai. Bajeti ya maji na ya mtunza bustani wa kudumu itangazwe kabla shimo la kwanza halijachimbwa. Kwenye kile kibao, chini ya majina ya wakubwa, liandikwe jina la cheo kinachowajibika kumwagilia, pamoja na namba ya simu ya ofisi inayopokelewa.

Kama humu yupo aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kupitisha bajeti ya bustani za mji, namwomba ajitokeze atujibu: fungu la matunzo huondolewa katika hatua gani, na ni nani anayeliondoa?