Tangi dogo la maji chumvi na matumbawe, Dar bila AC: nianzie wapi?

Mbezi_Juu

Wakuu, habari za jioni. Nina tangi la kioo la sm 60 x 40 x 40, kioo cha mm 8, lilikuwa la samaki wa maji baridi. Nataka kuligeuza liwe la maji chumvi, samaki wawili watatu na matumbawe ya kuanzia. Niko Dar, chumba hakina AC na umeme unakatika. Naomba kujua:

1. Maji nichote baharini au nikoroge mwenyewe? Chumvi ya kawaida ya dukani inafaa?
2. Joto la hapa matumbawe yatalivumilia?
3. Samaki wanaingia baada ya muda gani?
4. Kifaa kipi ni cha lazima na kipi naweza kuruka? Wengi wanasema skima ya povu (kifaa cha kuondoa uchafu kwa mapovu) ni lazima.

Natanguliza shukrani.

Fundi_Maji

Mkuu, kwa vipimo hivyo ni lita 96, ila ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu unabaki na kama lita 80. Hiyo 80 ndiyo ya kupigia hesabu zote. Uzito wa kila kitu utakaribia kilo 125, kwa hiyo usiliweke juu ya kabati la TV la mbao za kubandika: zikilowa mara mbili tatu zinavimba na kioo kinapasuka kwenye kona.

Chumvi ya dukani hapana, hata ile ya mashamba ya chumvi ya pwani. Maji ya bahari yakikaushwa kwenye mabwawa, chokaa hujitenga mapema, kisha chumvi ya kula inaganda, na magnesiamu inabaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Unachonunua ni karibu kloridi ya sodiamu tupu. Tumbawe haliwezi kujenga mifupa kwa hiyo. Tafuta chumvi ya akwariamu ya matumbawe. Inatumika takriban gramu 36 hadi 39 kwa lita kutegemea aina, kwa hiyo tangi lako linakula kama kilo 3 mara ya kwanza, na za kubadilishia maji baadaye.

Maji ya kukorogea yapitie mtambo wa RO/DI (wa kuchuja maji mpaka yawe safi kabisa) hadi kipimo cha TDS (vitu vilivyoyeyuka majini) kisome 0. Maji ya bomba yana klorini, na mara nyingi fosfati na silikati, ambazo ni chakula cha mwani. Korogea kwenye pipa la plastiki lenye pampu: maji kwanza, chumvi baadaye, kidogo kidogo, acha yazunguke saa 24. Ukifanya kinyume chake, chumvi ndiyo itangulie kisha umwagie maji, kalsiamu inaganda na maji yanakuwa meupe kama tui. Lenga 35 kwa elfu, yaani uzito linganishi wa 1.026 kwenye nyuzi 25. Pima kwa rifraktomita (kifaa cha kupima chumvi kwa mwanga), na uisawazishe kwa maji maalumu ya 35, si kwa maji safi pekee. Haidromita za plastiki zenye mkono unaoelea zinadanganya, kipovu kimoja tu cha hewa kikishika mkono umekwisha.

Skima kwenye lita 80 iruke. Kubadilisha lita 8 kila wiki kunafanya kazi ile ile. Hela hiyo peleka kwenye kujaza maji kiotomatiki: swichi ya kuelea, pampu ndogo na ndoo ya maji ya RO. Maji yanayopotea kwa mvuke huacha chumvi ndani, kwa hiyo unarudishia maji BARIDI YASIYO NA CHUMVI. Hapa ndipo wengi wanapozamia. Wakiona maji yamepungua wanaongeza maji ya chumvi, na baada ya wiki mbili wako kwenye 40.

Pweza_Mweusi

Naongezea kwenye joto maana hapo ndipo vita vyako vilipo. Matumbawe yanataka nyuzi 25 hadi 27. Chumba cha Dar mwezi Februari kinafika 31, ongeza taa na pampu, maji yanaweza kukaa 32. Tumbawe likikaa juu ya 30 kwa siku kadhaa linafukuza mwani unaolilisha, linageuka jeupe, na hapo umebakiwa na mifupa.

Watu hukimbilia chupa za barafu. Chupa ya nusu lita kutoka friza inashusha lita 80 chini ya nyuzi moja tu, na baada ya saa chache joto limerudi. Kinachochosha viumbe ni huko kupanda na kushuka. Feni ndogo ya kompyuta ikipuliza juu ya uso wa maji ni bora zaidi: lita moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na joto sawa na chupa kama kumi za barafu za nusu lita. Feni mbili za sm 12 hushusha nyuzi 2 hadi 3. Ila kumbuka, miezi ya unyevu mwingi hewani feni inapungua nguvu, na siku hizo maji yakigoma kushuka chini ya 29 huna ujanja zaidi ya chila (mashine ya kupoza maji). Halafu feni zinakausha lita 2 kwa siku kirahisi. Bila kujaza, lita 80 za 35 zinakuwa karibu 36 kwa siku moja tu. Ndiyo maana Fundi_Maji amesisitiza ile swichi ya kuelea. Feni bila swichi ni kubadilisha tatizo moja kwa lingine.

Mfuniko wa kioo utoe, weka wavu. Kioo kinazuia mvuke, na bila kizuizi chochote gobi (samaki wadogo wa chini) wataruka, utawakuta sakafuni wamekauka.

Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni kukosa hewa, si joto. Maji ya moto ya chumvi yanashika oksijeni kidogo. Nunua pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme unapokwenda. Kama una inveta ndogo, unganisha pampu moja ya mkondo tu. Taa ziache zizime, hata siku mbili za giza hazidhuru kitu. Na kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Kole_Kole

Napingana kidogo na Fundi kuhusu maji. Hapa pwani maji ya bahari ni bure na yana kila kitu, mradi ujue pa kuchota na lini. Usichote karibu na mdomo wa mto wala mfereji. Usichote wakati wa masika wala siku chache baada ya mvua kubwa, maana pembeni maji yanakuwa mepesi na yamebeba taka za mjini. Chota nje kwa mashua, wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa kabisa, maji yanayotoka bahari kuu. Yapitishe kwenye soksi ya mikroni 5, yafunge gizani wiki mbili pampu ikizunguka, kisha pima chumvi na fosfati kabla ya kuyatumia. Ukishindwa hata hatua moja kati ya hizo, koroga.

Kuhusu wakazi: matumbawe yote magumu yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini), na ndani ya hifadhi kama Mbudya na Bongoyo huruhusiwi kung'oa kitu. Usishawishiwe na kijana wa ufukweni mwenye ndoo. Anza na vipande vilivyokuzwa kwenye matangi: Discosoma, Sarcophyton, Zoanthus. Wote wanaridhika na mwanga wa PAR (kipimo cha mwanga unaofaa kwa usanisinuru) 50 hadi 100, saa 8 kwa siku, taa ya LED yenye buluu nyingi. Acropora, tumbawe gumu, isahau mwaka mzima. Samaki kangaja naye msahau kabisa, sm 60 kwake ni jela. Amphiprion ocellaris (samaki-klauni) wawili waliozalishwa kwenye matangi na gobi mmoja, umejaza.

Mkondo: pampu mbili za lita 1,000 kwa saa kila moja, zitazamane kwa pembe.

Fundi_Maji

Hoja ya bamvua naikubali, ila anayeanza akisema ana mashua simwamini 😄

Swali la 3 halijajibiwa. Weka mchanga wa aragonaiti sm 3 (kama kilo 11) na mawe kilo 8 hadi 10, jaza maji, tia kloridi ya amonia mpaka amonia isome 2 ppm (sehemu kwa milioni), na chupa ya bakteria ukipata. Taa zima. Amonia itageuzwa nitriti, nitriti iwe nitrati. Tangi limeiva pale ambapo 2 ppm ya amonia inaisha yote ndani ya saa 24, mara nyingi wiki 4 hadi 6. Usitumie kipande cha samaki aoze, harufu itakufukuza nyumbani na fosfati itabaki.

Baada ya hapo vumbi la kahawia litatanda, kisha mwani wa nyuzi. Ni kawaida, weka konokono. Usipambane kwa kushusha nitrati na fosfati hadi sifuri, kwa sababu hapo ndipo dinoflajelati (vijidudu vinavyotanda utelezi wa kahawia) wanaposhika mchanga, na kuwatoa ni kazi ya miezi. Lenga nitrati ppm 5 hadi 10, fosfati ppm 0.03 hadi 0.1, alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili asidi) 8 hadi 9 kwa kipimo cha dKH.

Alkaliniti ikishuka, gramu 2.4 za bikaboneti ya sodiamu safi zinapandisha dKH 1 kwenye lita 80. Usizidishe hapo kwa siku moja. Si bekin pauda, ile ina asidi na wanga. Wala si magadi ya kupikia maharage, yana floraidi na uchafu wake.

Mbezi_Juu

Asanteni sana wakuu, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Swali la mwisho: kuna mawe ya matumbawe ya kuchimba, yalibaki kwenye ujenzi. Nikiyachemsha yanafaa badala ya kununua? Na tangi niliwahi kulitilia dawa ya samaki yenye shaba.

Kole_Kole

Usichemshe jiwe lolote la tumbawe, iwe mazoea. Likiwa na Zoanthus au Palythoa, mvuke unabeba palitoksini (sumu kali) na unaweza kulaza nyumba nzima hospitali. Hata kukata vipande vyao vaa glavu na miwani.

Mawe ya machimbo ni mazito na hayana matundu mengi, lakini kama msingi wa chini yanafaa. Kwanza hakikisha hayana saruji wala rangi. Yaloweke kwenye pipa la maji ya RO, pampu ikizunguka, badilisha maji kila siku tatu na upime fosfati kabla ya kumwaga. Shaba ndiyo mbaya zaidi, inaua kamba, konokono na matumbawe kwa kiasi kidogo sana: jaza tangi maji, acha wiki, pima kwa kipimo cha shaba, rudia mpaka kisome sifuri.

Fosfati ya mawe ikikataa kushuka chini ya 0.1 baada ya wiki tatu, yarudishe kwa fundi ajengee ukuta.