Uvimbe kwapani kwa mtoto wa mwaka mmoja, nisubiri au apasuliwe?

Mama Nasri: Wakuu habari za jioni. Kijana wangu ana mwaka na miezi miwili. Ana uvimbe kwapa la kushoto, tuliuona tukimwogesha. Umekua haraka, sasa umefika ukubwa wa yai la kuku. Ni laini, haumuumi, anakula na kucheza vizuri. Ultrasaundi imesema ni mafuta. Daktari wa kwanza kasema tusubiri, wa pili anataka MRI (picha ya ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku) kisha upasuaji. Bibi yake naye anataka akandwe kwa mafuta ya nyonyo. Naogopa kansa. Naombeni ushauri.

Kinyonga: Pole dada. MRI ya nini wakati wameshakwambia ni mafuta? Wanatafuta hela hao.

Zamu ya Usiku: Mkuu hapo umempoteza. Niko wodi ya upasuaji wa watoto, ingawa siwezi kumpima mtoto kupitia simu. Lipoma, yaani uvimbe wa mafuta wa kawaida, ni ya watu wazima zaidi. Mafuta yanayokua haraka kwa mtoto wa umri huo, tunawaza lipoblastoma: uvimbe wa nadra wa chembe changa za mafuta, wengi huupata kabla ya miaka 3. Si kansa na hausambai. Ila pale kwapani unaweza kubana mishipa ya fahamu ya mkono, na usipotolewa wote unaweza kurudi. MRI inamwonyesha mpasuaji umeingia hadi wapi. Muulizeni kuhusu dawa ya usingizi, maana watoto hawa hawatulii mle ndani ya mashine. Jina kamili la uvimbe litatoka patholojia, maabara inayopima kinyama kilichotolewa. Liposakoma, yaani kansa ya mafuta, ni nadra mno chini ya miaka 10, lakini kwenye hadubini inaweza kufanana na lipoblastoma, ndiyo maana wenye uwezo hupima na jeni ya PLAG1, ambayo mara nyingi huwa imebadilika kwenye lipoblastoma. Na msiukande.

Mama Nasri: Ngozi haina rangi yoyote, hiyo ina maana?

Zamu ya Usiku: Ingekuwa nyekundu ningewaza himanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu, ambayo mara nyingi hunywea yenyewe. Huo wako sioni wa kuusubiri.

Baba Mapacha: Wa kwangu ulikuwa mgongoni. Tulikabidhiwa kinyama kwenye kopo la formalini (dawa ya kukihifadhi kisioze) tupeleke maabara wenyewe. Angalia kopo liandikwe jina la mtoto na sehemu ulipotoka, na uende wote, siyo kipande. Majibu yafuate mwenyewe. Wengi kidonda kikipona hawarudi. Sisi kliniki bado tunakwenda.

Mama Nasri: Asanteni sana. Bima inalipa MRI?

Baba Mapacha: Inategemea kifurushi. Pitia dirisha la bima kabla ya kupangiwa tarehe, kibali huchelewa.