Kisima kimekarabatiwa mtandaoni, kijijini bado kibovu: takwimu zilizo wazi zinatusaidiaje?

Mkaazi_wa_Mpakani aliuliza:

Ndugu zangu, naomba mawazo ya wenye uzoefu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya watumiaji wa maji katika parishi moja, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Mwezi uliopita kijana wangu alinifungulia kwenye simu ripoti ya robo mwaka ya wilaya, nami nikakuta kisima chetu kimeandikwa kuwa kimekarabatiwa na fedha zake zimelipwa zote. Kesho yake nilikwenda kukitazama upya, ingawa nakipita kila siku: mpini wa pampu bado umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na akina mama wanapiga zaidi ya mara thelathini kabla maji hayajatoka. Nilipoipeleka ripoti hiyo ofisini, niliambiwa kwamba mambo ya mtandaoni si ushahidi, ilhali ni ofisi hiyo hiyo iliyoiandika. Je, takwimu za namna hii zimewahi kubadilisha uamuzi wowote katika nchi yetu?

Mwalimu_Mstaafu alijibu:

Pole sana, ndugu yangu. Zimewahi, tena kabla intaneti haijatufikia. Mwaka 1996 zilichunguzwa shule 250 za msingi ili kulinganisha ruzuku iliyotoka hazina na ile iliyofika shuleni kati ya 1991 na 1995, ikabainika kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu iliyofika. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika hadharani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 sehemu iliyofika ilikuwa imepita asilimia 80. Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu, na naikumbuka karatasi ile niliyoibandika kwa uji wa muhogo kwenye mlango wa ofisi, wazazi wakiifuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Sisemi kwamba karatasi ndiyo iliyofanya yote, kwa maana elimu ya msingi kwa wote ilianza 1997 na ikavuta macho ya wengi kwenye fedha hizo. Lakini mzazi aliyekijua kiasi alikuwa na la kuniuliza, nami nililazimika kumjibu.

Msaidizi_wa_Sheria alijibu:

Nalishika neno la Mwalimu: kulazimika. Ripoti ya mtandaoni haimlazimishi afisa yeyote. Ombi la maandishi humlazimisha. Ibara ya 41 ya Katiba inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa zile zinazogusa usalama wa nchi au faragha ya mtu, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005 inampa afisa siku 21 za kujibu. Akinyamaza, huhesabiwa kuwa amekataa, na unaweza kufikisha malalamiko yako kwa Hakimu Mkuu. Sababu zako za kuomba si hoja ya kukunyima. Ila usiombe "taarifa kuhusu kisima", maana utarudishiwa maneno matupu. Omba mkataba, orodha ya kazi na vifaa vilivyolipiwa, na cheti cha kukamilika kwa kazi. Orodha itataja mabomba mangapi yalipaswa kubadilishwa, na cheti kina sahihi ya mtu aliyethibitisha kwamba yamebadilishwa. Wizara ya Fedha pia ina tovuti ya bajeti tangu 2013, pamoja na simu isiyo na malipo, 0800 229 229.

Dada_wa_Gulu alijibu:

Nakubali nusu. Aprili 2023, mchoraji wa katuni Jimmy Spire Ssentongo alipowaalika watu kuonyesha mtandaoni mashimo ya barabara za Kampala, picha zilimiminika, na muda si mrefu Rais akaagiza mamlaka ya jiji ipewe shilingi bilioni 6 za kuyaziba. Hakuna aliyesubiri siku 21. Lakini hayo yalikuwa mashimo ya mji mkuu, ambayo kila mwenye gari aliyaona. Kisima cha parishi hakina watazamaji wa namna hiyo. Isitoshe, vifurushi vya intaneti vinatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu 2021, na ripoti hizo zimeandikwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005. Wanaopiga pampu hiyo kila asubuhi ndio wanaojua hali yake kuliko mkaguzi yeyote, nao hawajaiona ripoti. Nakuomba uwatafsirie takwimu hizo, uziandike kwa herufi kubwa, uzitundike pale pale kisimani.

Mkaazi_wa_Mpakani aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimefanya yote mawili. Jumapili niliandika kiasi kilicholipwa kwenye karatasi ya manila kwa Kiswahili na Kisamia, nikaifunga kwenye uzio wa kisima. Kabla sijamaliza kukaza kamba, mama mmoja aliweka jerikeni yake chini, akasoma, akaniuliza mafundi walikuja siku gani, kwa sababu yeye huteka maji hapo asubuhi na jioni na hajawahi kuwaona. Watu kumi na wanne wametia sahihi kwenye ombi pamoja nami, na yeye ndiye wa kwanza. Leo limepokelewa, na nakala yangu imegongwa muhuri wenye tarehe. Siku ya 21 nitaandika hapa kama cheti kimetolewa au la.