Wasomaji wapo, wachangiaji wanapungua: tuanze kukagua wapi?

Mlinda_Uzi
Wakuu, naomba msaada. Jukwaa letu linaendeshwa na phpBB 3.3, programu ya kuendeshea majukwaa ya majadiliano, na mada zake ni za ufundi. Takwimu za seva zinaonyesha wasomaji hawajapungua na watu wanajisajili kila wiki, ila wanaoandika ni wale wale, na kila mwezi wanazidi kuwa wachache. Jibu linalorudiwa kila mahali ni kwamba watu wamehamia WhatsApp na Facebook. Sawa, lakini hilo halimpi msimamizi cha kufanya. Nipime nini, na nirekebishe nini kwanza?

Karani_wa_Logi
Mkuu, ukimya peke yake usikutishe. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, alieleza kwamba kwenye jumuiya za mtandaoni karibu watu 90 katika 100 husoma tu, 9 huchangia kwa nadra, na 1 ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maandishi. Msomaji kimya ni wa kawaida. Hatari ni yule 1 akiondoka na asipatikane hata mmoja kati ya wale 9 wa kushika nafasi yake. Kwa hiyo idadi ya waliojisajili iache, haikuonyeshi jambo hilo.

Pima mambo matatu, mwezi kwa mwezi, kwa miezi 24 iliyopita. Kwanza waandishi: kwenye jedwali la phpbb_posts la hifadhidata hesabu poster_id (namba ya mwandishi) bila kurudia. Iondoe namba 1, ni ya wageni, na chukua post_visibility yenye 1 tu, la sivyo utahesabu na mabandiko yaliyofichwa au yanayosubiri idhini. Muda umehifadhiwa kwa sekunde tangu 1970, ugeuze kuwa tarehe kabla ya kupanga. Pili, nyuzi zisizojibiwa: kwenye phpbb_topics ni zile ambazo topic_first_post_id na topic_last_post_id zinalingana.

Tatu, na hapa ndipo penye jibu lako: chukua kila aliyeandika bandiko lake la kwanza kabisa mwezi fulani, uone ni wangapi waliandika la pili ndani ya siku 30. Kama wapya wanaandika mara moja na kupotea, mlango ndio mbovu. Kama wapya wanabaki lakini wakongwe wanakatika, kasoro iko sebuleni: ugomvi usioamuliwa, swali lile lile kujibiwa upya kila wiki, au wasimamizi wanaofunga nyuzi ovyo. Usianze na zawadi kwa wenye mabandiko mengi. Zinazaa mamia ya "asante mkuu" na kuwafukuza wachache wanaoandika vya maana.

FunguoMlango
Kwenye mlango, kagua kitu kinachosahaulika sana. phpBB humweka mwanachama mpya kwenye kundi la waliojisajili karibuni, na kwa mpangilio wa kawaida mabandiko yake husubiri idhini mpaka yafike 3. Msimamizi akiingia mara moja kwa siku mbili, mtu ameuliza leo na swali lake halionekani hadi keshokutwa. Kufika hapo ameshapata jibu kwingine, harudi tena.

Usiondoe ulinzi wote, matangazo taka yatawajaza siku hiyo hiyo. Punguza kikomo kiwe 1, weka swali la usajili linalohusu mada yenyewe, ambalo fundi yeyote analijua lakini programu ya kujisajili kiholela hailijui, kisha pangeni zamu ili foleni iangaliwe angalau asubuhi, mchana na usiku. Na mgeni ajibiwe na mtu, hata kama jibu ni kumuuliza namba ya kifaa au kumwomba picha. Kumwambia "tumia kitufe cha kutafuta" bila kumpa kiungo ni kumfungia mlango usoni.

Posta_Nyepesi
Kabla hujawalaumu watu, kagua barua pepe. Jukwaa halina mlio wa simu kama WhatsApp, linamrudisha mtu kwa arifa ya barua pepe. Na phpBB hutuma arifa moja tu kwa uzi anaoufuatilia, kisha hunyamaza mpaka aufungue tena. Hiyo moja ikiangukia kwenye taka, uzi umekufa kwake.

Jitumie arifa kwenye Gmail, fungua ujumbe asilia, tazama mistari ya SPF, DKIM na DMARC, ukaguzi unaothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa chenu (jina la tovuti). Yote iseme PASS. Tangu Februari 2024 Google inamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na anayetuma zaidi ya 5,000 kwa siku awe na zote tatu. Kinachoharibu zaidi ni kuhama seva bila kubadili anwani ya IP kwenye rekodi ya SPF, au kuongeza rekodi ya pili ya SPF. Lazima iwe moja tu kwa kikoa, zikiwa mbili ukaguzi unafeli. Anwani ambazo barua zake hurudishwa bila kufika zizimiwe arifa, zinakuharibia sifa ya seva.

Mlinda_Uzi
Nashukuru sana wakuu. Na vyumba, yaani vitengo vya mada ndani ya jukwaa? Vipo 40, vingi vimelala.

Karani_wa_Logi
Unganisha. Chumba ambacho hakijapata bandiko jipya kwa siku 90 kihamishie nyuzi zake kwenye chumba jirani, usizifute, maana injini za utafutaji bado zinaleta wasomaji kupitia hizo. Vyumba 6 hadi 8 vinatosha, mgeni akiingia aone uzi wa leo juu kabisa.

Maswali mepesi usiyategemee kurudi. Hata Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, maswali yake yalipungua sana baada ya ChatGPT kutoka Novemba 2022. Kinachobaki mikononi mwetu ni kile kinachohitaji vipimo na picha za kifaa halisi. Kwa hiyo ruhusu picha zipandishwe kwenye seva yenu wenyewe. Photobucket, tovuti ya kuhifadhi picha zinazoonyeshwa kwenye tovuti nyingine, ilipobadili masharti yake mwaka 2017, nyuzi nyingi za ufundi duniani zilibaki na maelezo yasiyo na picha. Ongeza ukubwa wa kiambatisho ufike MB 5 na uangalie upload_max_filesize, kikomo cha ukubwa wa faili kwenye PHP (lugha inayoendesha phpBB kwenye seva), kwa kawaida ni MB 2, itazikataa picha za simu hata kama phpBB imeziruhusu.