KAKETI JUU YA UKUTA WA GEDI. KAKETI!

Video mmeshaiona, sina haja ya kumtaja. Ni yule yule mrusha video wa kofia. Safari hii kafika Gedi, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, kaliona lango la jumba la mfalme na tao lake lililochongoka, halafu badala ya kupita chini yake kama binadamu, kakwea ukuta wa pembeni, kaketi, miguu inaning'inia kama yuko juu ya mwembe wa kwao.

Kaketi, jamani!

Ule ukuta si saruji. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo kisha yakamwagiwa maji. Kichwa cha ukuta ndiyo paa lake. Jiwe la juu likilegea, mvua ya masika inaingia ndani na kula chokaa, mbegu ya mti inaota kwenye ufa, mzizi unanenepa, upande mzima unamwagika. Na yeye anapigapiga kisigino! Rudisheni nyuma muone lipu inavyodondoka.

Akiwa kaketi huko huko juu anatutangazia kwamba mji walijenga Waarabu. Vyumba vya Gedi ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali. Huo ni ujenzi wa pwani hii, wa Waswahili. Kuna kaburi humo lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Hakulitazama. Mahali palipolindwa kisheria tangu 1927, UNESCO wakapaandika 2024, yeye kapafanya kiti.

boriti_kumi: Unarudisha nyuma mara ngapi? Nusu ya watazamaji wake ni wewe.

kisima_kikuu: Na viatu ndani ya msikiti mkuu, mbele ya mihrabu, hamkuviona?

mkunguni: Ukuta utatengenezwa. Mimi nalia na wanaowapa kima ndizi. Kima akishazoea haombi tena, anapokonya mkoba.

pwani_halisi: Kwanza jina ni GEDE. Waulizeni wenyeji.

boriti_kumi: Haya, tumeanza.

jahazi_bovu: Gedi mnafika kwa matatu halafu mnalalamika! Nendeni magofu ya Takwa, kisiwani Manda, ng'ambo ya Lamu. Nahodha anakuacha maji yakitoka, unarudi na matope ya mikoko mpaka magotini.

mkunguni: Na bei anaitaja mkishafika katikati ya maji.

Mwenye uzi: Turudi kwenye ukuta tafadhali. KAKETI JUU YAKE.

pwani_halisi: Ukuta wa Gede.

kisima_kikuu: Hiyo Takwa mtu aende lini asikwame?

jahazi_bovu: Bamvua, siku maji yanapojaa sana, utoke Lamu yakiwa bado yanajaa. Maji mafu, siku yanapojaa kidogo tu, usijaribu, mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko unakuwa hauna kina. Bei mpatane gatini, kabla hujainua mguu.